Vidonge vya Kila Mgeni

Huku kwetu Vingunguti walisema damu inayotolewa hospitali inauzwa kwa mumiani. Mie sikuamini. Lakini neno lile halikunitoka kichwani.

Mwanangu Nikodemu, mchonga vinyago, alipata homa. Nyumba ikajaa watu wa kumjulia hali. Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Kila aliyekuja alileta vidonge vya homa kwenye kikaratasi. Nikodemu alivimeza vyote. Aliona aibu kumkatalia mtu.

Homa ikapoa. Kisha akaanza kutapika, hata uji hautaki. Asubuhi moja nikaona macho yake ni ya manjano. Nikampeleka hospitali kubwa.

Nesi mmoja, Kokuberwa, akaja na sindano.

"Damu yake mnaipeleka wapi?" nikauliza.

"Tunaipima, mama."

"Yote hiyo?"

"Hii haijazi hata kikombe cha kahawa. Mumiani angekufa njaa."

Nikodemu akacheka, ingawa alikuwa mgonjwa.

Nesi akaketi karibu nami. "Ndani ya ini mna vimeng'enya, vitu vidogo sana vinavyolisaidia kufanya kazi. Ini likiumia, vinavuja na kuingia kwenye damu. Ukiona unga umemwagika njiani, si unajua gunia limetoboka?"

"Najua."

"Basi, sie tunautafuta unga kwenye damu."

Majibu yakaja. Vimeng'enya vilikuwa vingi mno. Nesi akauliza mgonjwa alimeza nini. Nikamweleza habari ya wageni.

"Majina mbalimbali, dawa ile ile," akasema. "Kwa kiasi chake hutuliza homa. Ikizidi huumiza ini."

"Atapona?"

"Bado hatujui, mama. Tutampima tena."

Sindano ilipokuja tena, mie ndiye niliyemshika Nikodemu mkono. Siku zikapita, vimeng'enya vikapungua. Akaomba uji, halafu akalalamika hauna sukari. Macho yakarudi meupe.

Tuliporudi nyumbani, jirani yangu Mwanakombo akaja na kikaratasi chake.

"Mama Niko, unanirudishia dawa?"

"Nakurudishia. Lete machungwa."

"Una maringo siku hizi," akasema. Machungwa akaleta.

Wenzangu, zingatieni haya:

Msimpelekee mgonjwa vidonge.
Msichanganye dawa za zahanati na za dukani bila kuuliza.
Msizidishe vidonge kwa kuwa homa haijashuka.
Msinyweshe pombe mtu anayemeza dawa.
Msikae nyumbani na macho ya manjano.
Msikatae kupimwa damu.