Mlio wa Nyumba Isiyokuwepo

Mlio wa nyumba ya Schock ulisikika mchana kweupe, mfupi, mfupi, mrefu. Ottilia Wanner alikuwa ameshafika ukutani na kunyanyua mkonga wa simu ndipo akakumbuka kwamba nyumba ya Schock haipo.

Asilaumiwe. Pale Ebental, katikati ya mbuga ya Dakota Kaskazini, waya wa simu ulikuwa mmoja kwa nyumba zote. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, na kila mlio ulisikika kila nyumba. Adabu ilisema usinyanyue mlio usio wako. Adabu ilisema hivyo, na kila mwanamke wa Ebental alikuwa na kiti chake chini ya simu. Aliyekusikiliza ulimjua kwa vinavyolia nyuma yake: saa ya ukutani ya mke wa mchungaji, kikohozi cha Regina Bauer, na chiriku wa tunduni wa mjane Philippina Schock, ambaye hata akifunikwa kitambaa aliimba. Watu walikuwa wakisema, "Philippina, mnyamazishe ndege wako, tunaongea ya faragha," naye Philippina anajibu palepale, "Endeleeni tu, jamani, mimi sisikilizi."

Lakini Philippina alikuwa ameondoka tangu vuli. Mvua ilikuwa imegoma, vumbi limekula ngano, na watu waliondoka bila kuaga kwa aibu ya kushindwa. Wote walikwenda Lodi, kule California, kuchuma zabibu. Ndivyo ilivyosemwa. Mtu asipoonekana kanisani, mmoja aliuliza, mwingine akajibu "Lodi," na maneno yakahamia kwa wengine. Mbao za nyumba iliyoachwa nazo haziachwi zioze. Wanaume walikuja na nyundo, na Kasper, mume wa Ottilia, alipata za kutosha banda la nguruwe. Kwa Philippina kilibaki shimo la chini ya sakafu, lile la kuwekea viazi, limezungukwa na miiba.

Sasa mkonga uko sikioni. Kwanza Ottilia alisikia upepo tu, upepo wa kupita kwenye nyasi ndefu, na mwaka ule Ebental haikuwa na nyasi ndefu hata unyasi mmoja. Kisha chiriku akaanza kuimba. Na kutoka kwenye tundu la kusemea, pale mdomo wake ulipokaribia, ikatoka harufu ya viazi vilivyooza na kahawa iliyopoa.

Alimwambia mumewe wakati wa supu.

"Kasper, simu ya Philippina imelia."

"Ukaipokea."

"Sikuipokea. Niliinyanyua tu."

Kasper akachovya mkate. "Mama Viktor, umekosa watu wa kuwasengenya, sasa unasengenya shimo."

"Nimesikia ndege wake, nakwambia."

"Kesho muulize anakula nini."

Ottilia akanuna. Lakini mlio uliofuata, kesho yake mchana, haukuwa wa shimo, ulikuwa wa Wendelin Bauer, jirani wa ng'ambo ya barabara, na Ottilia akanyanyua taratibu huku amebana pumzi, kama mtaalamu.

"Wendelin?" ilisema sauti ya Philippina, nyororo, ya mtu aliyeshiba. "Njoo na Regina. Kahawa iko mezani na keki imetoka jikoni."

"Jamani, Philippina! Si uko Lodi wewe?"

"Nipo, nipo. Nilikuwa nawasikiliza tu."

Regina alikohoa pembeni ya mumewe. "Anasemaje?"

"Anatuita kahawa."

"Njooni sasa hivi," ilisema sauti, "isije ikapoa."

"Haya. Tunakuja."

Ottilia akatupa mkonga, akakimbilia dirishani, akawaona wote wawili wakitoka, Wendelin anafunga kifungo cha juu cha shati kama mtu aendaye kwa watu, Regina bado ana unga viganjani, wakavuka barabara ile nyeupe ya vumbi jua likiwa utosini, bila hata kivuli cha kuwafuata, wakaingia kwenye miiba bila kuinua miguu, wakainama kidogo kama watu wanaopita mlango mfupi, ingawa mlango haukuwepo, wala ukuta, wala paa, na hapo hapo wakakoma kuonekana, na kutoka pale walipokomea chiriku akaimba mara moja, kwa furaha, akanyamaza.

Alikwenda mpaka ukingoni mwa shimo. Miiba, kopo moja la nyanya lililopasuka, na ubaridi uliompanda sketi. Nyumbani kwa Bauer jiko lilikuwa bado linawaka mavi makavu ya ng'ombe, na donge la mkate limeumuka mpaka limeinua kitambaa.

Akampigia mke wa mchungaji.

"Wamekwenda Lodi," mke wa mchungaji alisema, saa yake ikigonga nyuma.

"Kwa miguu? Gari lao liko uani!"

"Aibu haipandi gari, Ottilia."

"Nimewaona wakiingia shimoni, Mama Mchungaji. Kwa macho yangu."

"Jua kali leo. Kunywa maji, mwenzangu, ulale."

Hakulala. Na haukupita muda mrefu nyumba ya mchungaji nayo ikafungwa, kanisa likakaa bila ibada, mkulima wa mwisho kule chini akasema "Lodi" na kuendelea kupakia magunia yake, akaondoka naye, huyu kweli kwa gari. Ebental ikabaki na moshi mmoja, wa kwa Wanner. Farasi wao walikuwa wamekufa na ukame, na goti la Kasper halikuweza mwendo. Walikuwa wanamngoja mwanao Viktor, ambaye alikuwa ametangulia Lodi kweli, na ambaye aliahidi kuja kuwachukua vuli akishapata gari. Kila asubuhi Ottilia aliomba Mungu amlete upesi.

Ndipo ukalia mlio wao wenyewe: mirefu miwili, mfupi mmoja.

Kasper, ambaye tangu Viktor aondoke kiti chake kilikuwa kimeota mizizi karibu na simu, aliruka na goti lake bovu. Ottilia akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usiitike! Kasper, usiitike!"

"Huenda ni mtoto!"

"Na asipokuwa mtoto?"

Mkonga ulikuwa tayari umenyanyuliwa. Mwanamke wa ofisi ya simu ya mji ulio relini alisema simu inatoka mbali, California, na baada ya mikwaruzo ikaja sauti ya Viktor, na Kasper akalia machozi mbele ya mkewe bila haya.

Ottilia alimpokonya. "Mwanangu, Wendelin na Regina wamefika salama?"

"Wendelin gani?"

"Bauer. Na mchungaji. Na Philippina."

"Mama, hapa Lodi mtu wa Ebental ni mimi peke yangu. Sijamwona hata mmoja. Mimi nilidhani bado mmejaa huko." Akacheka. "Na wanatusikiliza kama kawaida yao! Si chiriku wa Philippina huyo? Na nani anakohoa?"

Ottilia aliwasikia naye. Chiriku. Kikohozi. Saa ya ukutani ikigonga polepole. Wote walikuwa kwenye waya, wamebana pumzi, na katikati yao kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa na sauti yake mwenyewe, kilichokuwa kinasikiliza kuliko wote.

"Viktor," alinong'ona, "usije. Umenisikia? Kaa huko huko, usi..."

Simu ikakatika. Kuanzia siku hiyo sala ya Ottilia ikageuka. Sasa aliomba mwanawe asije.

Kasper hakutania tena. Alimwagiza muuza mayai aliyepita njia apeleke ujumbe, akaja Bibi Rosina Feist wa parokia ya pili, mwanamke mfupi mwenye ndevu chache na gari la kukokotwa na farasi mmoja. Huyu alikuwa akitibu kwa pumzi, uzi mwekundu na maneno matakatifu ya kunong'ona. Watoto wengi wa kule waliougua kwa kushtuka waliponea mikononi mwake, na hata waliomcheka walimwita usiku wakiugua.

Aliweka kiganja kwenye sanduku la simu, akakiondoa upesi.

"Anajua majina yenu?"

"Anajua kila kitu," Ottilia alisema. "Tumemsimulia sisi wenyewe. Miaka yote tunaongea kwenye waya huu, nani ana mimba, nani kagombana na nani, nani anampenda nani. Tulidhani tunasikilizana sisi kwa sisi."

"Ni nini hicho, Bibi?" Kasper aliuliza.

"Kila mahali patupu pana mwenyewe. Mlipokuja na ng'ombe wenu na kengele yenu alisogea pembeni. Hakuondoka. Alikaa akajifunza kusema. Sasa mmekuwa wachache, anawaita mmoja mmoja kwa sauti ya aliyetangulia."

"Ni jini?"

"Mwite hivyo. Ukimpa jina unamkaribisha kiti, mimi simpi." Alitoa uzi. "Na nikimaliza, msiniambie asante. Mkishukuru mtaiharibu kazi."

Alifunga uzi mwekundu kwenye waya pale unapoingia ukutani, akapuliza, akanong'ona majina matatu makuu, akapuliza tena. Ndani ya sanduku chiriku alianza kuimba, kwanza kama ndege, kisha kwa kasi isiyo ya ndege, saa ikagonga bila kukoma, kikohozi kikawa kicheko na kicheko kikawa upepo, na harufu ya viazi vilivyooza ikajaa jikoni mpaka Kasper akashika meza, na Bibi Rosina akiwa anatoka jasho la kidevuni akachukua koleo akaukata waya, ta!

Kimya. Jongoo angetembea ukutani wangemsikia.

"Ametoka?" Ottilia aliuliza.

"Kwenye ukuta wenu ametoka."

"Amekwenda wapi?"

Bibi Rosina alikuwa anakunja uzi uliobaki. "Mimi ni wa uzi na maombi, mwanangu. Njia za waya sizijui zinakoishia."

Kasper akauma midomo ili asishukuru. Alikataa kuling'oa sanduku, kwa sababu lilikuwa mali ya kampuni na yeye si mwizi. Likabaki pale ukutani na kipande cha waya kinachoning'inia. Kiangazi kikapita. Mvua kidogo ikanyesha, Ottilia akachuma matango, akaanza hata kumsema mtu: muuza mayai na shemeji yake. Kasper akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu majira ya kuchipua.

Gari lilitokea alasiri, likivuta mkia wa vumbi, likasimama uani likitoa mvuke puani. Akashuka Viktor. Akashuka mwanamke kijana mwenye mabaka ya jua usoni, amebeba kitoto kimefungwa shali.

"Mama! Mbona umesimama kama nguzo? Huyu ni Elvira, mke wangu."

"Umekuja kufanya nini?"

Viktor alimtazama mkewe, akacheka kwa aibu. "Nilikwambia mama yangu ana maneno matamu."

"Nimekuuliza, Viktor. Nani amekuita?"

"Wewe. Si ulipiga nyumbani kwa bosi? Ulilia, Mama. Ulisema Baba hawezi kuinuka kitandani."

Kasper alitokea bandani na ndoo ya makapi, mzima, akapiga ukelele, akaja akichechemea kwa furaha. Viktor alimtazama baba yake, akamtazama mama yake.

"Simu yetu imekatwa," Ottilia alisema. "Sijapiga. Sikujua hata kama una mtoto."

"Ulijua. Nilitaka kukushtukiza, lakini uliniuliza mwenyewe anaitwaje. Nikakwambia Ruben. Ukalirudia, ukalirudia, mpaka Elvira akacheka, akasema bibi keshampenda." Viktor alijipangusa shingo. "Ukasema nisije bila yeye."

"Rudini garini. Sasa hivi. Kasper, wasukume!"

"Mama, gari limechemka, halina maji. Ngoja nichote. Mshike mjukuu wako kwanza, labda utalainika."

Elvira akamwekea mtoto mikononi. Alikuwa mzito, mwenye joto, ananuka maziwa. Viktor akaingia jikoni kutafuta ndoo.

Na ukalia. Mirefu miwili, mfupi mmoja.

Kasper akaangusha ndoo ya makapi. Ottilia akakimbia, amemkumbatia mtoto ambaye hakuweza kumtupa wala kumweka chini kwenye vumbi lile, ngazi za mlangoni ambazo alizipanda kila siku ya ndoa yake zikawa ndefu, anaita Viktor, Viktor, huku anakumbuka kwamba katika nyumba hii tangu udogo wake ni Viktor aliyekuwa akikimbilia simu kabla ya wote, na alipofika kizingitini akamwona mwanawe amesimama amempa mgongo, mkonga uko sikioni, kipande cha waya kinaning'inia na uzi wake mwekundu, na jiko zima linanuka kahawa.

"Weka chini, Viktor! Mama yako niko hapa! Niko nyuma yako!"

Viktor alinyanyua kidole bila kugeuka, kama unavyomnyamazisha mgeni anayekatiza watu.

"Ngoja kidogo," alisema. "Naongea na Mama."

Akasikiliza. Bega lake likalegea, akacheka taratibu.

"Ndiyo, Mama," akasema kwenye simu. "Yupo hapa, amebebwa. Namleta."