Kinywa cha Bibi

“...tena! Mama, ametema tena, uji wote uko kwenye shuka!”

Chiriku alisimama mlangoni na bakuli mkononi, sare ya shule bado mwilini. Kila jioni kazi yake ilikuwa kumlisha bibi na kumfuta uso. Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, na mkono mzima nao haukuwa na nguvu, lakini alikuwa akila na kupiga soga vizuri tu. Wiki hii kijiko kikikaribia anageukia ukutani, kimya, machozi yanamtoka.

“Amechoka na dunia,” mama alisema kwa sauti ya chini. “Nimeshampigia mjomba wako. Waje wamwone angali anapumua.”

Chiriku aliweka bakuli chini. “Na mdomo unanuka, mama. Sana.”

“Ndio uzee huo, mwanangu. Tutafanyaje?”

Asubuhi alikuja muuguzi wa zahanati, na mama akamweleza yale yale: bibi amechoka na dunia, na harufu ni ya uzee. Alivaa glavu, akamulika kinywa cha bibi kwa tochi ya simu, akayatoa meno ya bandia ya juu. Yalikuwa yamegandiwa na mabaki ya chakula. Fizi chini yake zilikuwa nyekundu, zina kidonda. Bibi alilia kama mtoto.

“Haya mliyatoa lini mara ya mwisho?”



“Hatujawahi, tangu augue,” Chiriku alisema. “Mimi namfuta midomo tu. Naona kinyaa.”

“Hata mimi,” mama akasema. “Nikajiambia, meno yenyewe ya kutengenezwa, yataoza?”

“Meno hayaozi, ila fizi ni zake. Bibi huyu hajachoka na dunia, ana njaa, na akitafuna anaumia. Uzee haunuki, jamani. Kinachonuka ni kinywa kisichosafishwa. Kumtunza mtu hakuishii pale kinyaa kinapoanza.”

Akawaachia dawa, akawaonyesha: kila usiku meno yatolewe, yapigwe mswaki, yalale kwenye maji safi, na fizi zifutwe kwa kitambaa laini.

Mara ya kwanza Chiriku nusura atapike. Akaendelea hivyo hivyo. Kidonda kikapona taratibu, na jioni moja bibi alimaliza bakuli, akadai lingine.

“Siku babu yako alipokuja kunichumbia,” akaanza, “alikosea nyumba. Akaingia, akakaa, akala.”

“Kwa nani, bibi?”

Bibi alipiga miayo. Chiriku akamtoa meno.

“Yasugue hayo kwanza,” bibi alisema kama kibogoyo. “Babu yako mwache huko huko kwa watu. Nitamtoa kesho.”