Sentensi Nyeupe

Kila asubuhi Tsvetana alimkuta Plamen ameshafika darasani, hedifoni kichwani, vidole vikikimbia juu ya kibodi. Plamen alizaliwa haoni. Programu ya kompyuta yake humsomea yaliyo kwenye skrini, tena kwa kasi inayowafanya wenzake wasikie mlio tu.

"Kasuku wako kaamkaje?" Tsvetana alimtania, kwa jina aliloipa ile programu.

"Kashiba. Jana kaimaliza kazi yetu yote." Plamen akavua hedifoni. "Tsveti, kuna kitu ungependa kufuta kabla wazazi hawajaja mchana kusikiliza kazi zetu?"

Tsvetana akatazama pembeni. Katikati ya kazi yao ya wawili kuhusu mavuno ya waridi ya mji wao wa Kazanlak alikuwa amechomeka maneno kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili awachekeshe rafiki zake. Hata mwalimu hakuyaona. Kipofu angeyaonaje?

"Hakuna," alijibu.

Mchana darasa lilijaa. Mama yake Tsvetana, mchuma waridi, alikaa mbele na gauni lake la sikukuu. Plamen akaunganisha spika, akapunguza kasi. Sauti ikasoma: "Waridi huchumwa alfajiri, kabla jua halijawa kali." Kisha, kwa utulivu uleule: "Plamen kazi yake kukalia kiti tu. Tumembeba kwa huruma."

Programu haijali rangi. Penye maandishi husoma. Mama akainamisha uso, akafinyangafinyanga pindo la gauni kwa vidole vilivyochubuliwa na miiba. Tsvetana alitamani sakafu immeze.

"Nani kaandika hayo?" aliuliza Mwalimu Radka.

Tsvetana akasimama. "Mimi. Tena ni uongo. Nusu ya kazi hii kaiandika Plamen. Nisamehe, Plamen."

"Nimekusamehe."

Mwalimu akaifuta ile sentensi mbele ya wote. "Neno ukilificha linabaki kuwa lako," aliwaambia. "Usiandike juu ya mwenzako jambo usiloweza kumsomea mwenyewe, ana kwa ana."

Walipotoka uani, Tsvetana alimfuata Plamen, macho mekundu.

"Kumbe ulijua! Si ungefuta tu? Umeniaibisha mbele ya mama. Na wewe niombe radhi."

Plamen alikunja waya wa hedifoni taratibu, akautia mfukoni.

"Nilikuuliza, ukasema hakuna. Siombi."