Sahani ya Nne

Kila ilipofika saa kumi alasiri, Muattar alikuwa na sahani mkononi. Mama yake akipika pilau, sahani moja ilivuka ua kwenda kwa Bibi Zoya, mjane wa Kikorea aliyeuza saladi ya karoti sokoni. Bibi Zoya naye hakuirudisha bila kuitia kitu. Leo ilirudi na saladi, kesho na zabibu kavu, na siku aliyokuwa hana kitu aliitia vipande viwili vya sukari. Katika maghorofa yale ya Tashkent hakuna aliyerudisha sahani tupu. Ilikuwa aibu, na Muattar aliijua aibu hiyo tangu ana miaka mitatu.

Sasa alikuwa na kumi na miwili, msichana mwembamba mwenye shingo ngumu. Akishika lake, hata baba yake alinyoosha mikono.

Juma lile shuleni kwao kulikuwa na mashindano. Mwalimu Hurshida, aliyewafundisha lugha, aliwataka kila mmoja atafute neno moja fupi lililomo katika lugha nne, na kila lugha iwe inalitumia kwa maana yake. Majibu yachorwe kwenye chati. Chati itakayoshinda itapelekwa kwenye jumba la watoto la mjini, na aliyeichora atasimama mbele ya wageni kuieleza. Muattar aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka baiskeli.

Neno hakulitafuta sana: *son*. Kwa Kiuzbeki ni namba, kwa Kirusi ni usingizi. Hizo mbili kila mtoto wa mtaa ule alizijua. Ya tatu aliipata kwa Bibi Zoya, aliyekuwa jikoni akikatakata karoti. Muattar alipolitamka neno lile, bibi aliweka kisu chini, akainua mkono wake uliogeuka rangi ya chungwa kwa karoti.

"Huu hapa," alisema. "*Son* ni mkono. Mama yangu alilisema kila jioni akininawisha. Kikorea changu chote kimeniponyoka, mjukuu wangu, nimebaki na maneno ya kuhesabu kwa vidole. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa. Haya, chukua, lakini ulitunze."

Kasheshe ikawa maana ya nne. Muattar alimuuliza kinyozi Muarmeni, akatikisa kichwa. Alimuuliza mzee wa Kijojia aliyeuza maua karibu na kituo cha tramu, naye akamwambia kwao hakuna neno kama hilo. Siku tatu alizunguka mpaka miguu ikamuuma. Jioni ya nne alikaa mbele ya chati yake. Alikuwa amechora sahani nne nzuri zenye maua ya buluu ukingoni, kila sahani na maana yake ndani. Tatu zilijaa na moja ilikuwa tupu. Akaitazama ile tupu, akaona haya kana kwamba ameipeleka mwenyewe mlangoni kwa jirani.

Ndipo akamkumbuka Mzee Yanis, fundi saa Mgiriki wa ghorofa ya chini, aliyehamia Ugiriki na familia yake yote miaka mitano iliyopita. Nani atamfuata huko kumuuliza? Muattar akachukua kalamu, akaandika: Kigiriki, chumvi. Alilitoa kichwani mwake tu. Sahani ikajaa, roho yake ikatulia, akaenda kulala.

Ijumaa chati zilitundikwa ukutani. Mwalimu Hurshida alipita moja baada ya nyingine, na alipofika kwa Muattar alisimama muda mrefu. Javlon, mtoto wa muuza nyama, alidakia kwamba dukani kwao, kwa Kiuzbeki hicho hicho, *son* ni paja la ng'ombe. Darasa zima liliangua kicheko, na tangu dakika ile Muattar akawa anaitwa Paja. Mwalimu hakucheka.

"Muattar, una uhakika na sahani zote?"

"Nina uhakika, Mwalimu."

"Hicho Kikorea na hicho Kigiriki umevitoa wapi?"

"Kwa majirani zetu."

Mwalimu aliishusha chati, akaiweka nyuma ya kabati. Alisema Kiuzbeki na Kirusi anavijua, lakini ukutani kwake havitundikwi vitu vya kutunga. Javlon akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba Paja ameanzisha lugha zake.

Damu ilimpanda Muattar kichwani. Neno la Bibi Zoya kuitwa la kutunga! Alikasirika kweli, tena kwa haki, na hasira ile ikaufunika ule uongo wake mpaka naye akausahau. Akasimama bila kuruhusiwa.

"Bibi Zoya hatungi maneno," alisema. "Kesho nitamleta hapa aseme mwenyewe."

"Mlete," alisema Mwalimu Hurshida.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shule ilisoma kama kawaida na soko hufurika, na Bibi Zoya alikuwa na mabeseni matano ya saladi ya kuuza. Muattar alimweleza kwamba shuleni wamelikataa neno lake. Bibi hakuuliza mara mbili. Alifunika mabeseni kwa kitambaa kibichi, akamwomba muuza vitunguu wa pembeni amwangalizie, akafunga kile kitambaa chake cha kichwa anachokivaa harusini, akashika njia. Wateja walimwita, wala hakugeuka.

Darasani alisimama mbele ya watoto thelathini, akainua mkono wake wa rangi ya chungwa. "*Son*," alisema, akawaeleza habari za mama yake na lile beseni la kunawia. Hakuwa amelitaja mbele ya watu wengi namna ile. Javlon alitazama chini.

"Nimekubali, Bibi, na uniwie radhi," alisema Mwalimu. Kisha akaitoa chati nyuma ya kabati. "Na hii ya nne, ya Kigiriki?"

"Hiyo mimi siijui," alisema Bibi Zoya. "Lakini kama Muattar ameandika, basi ni kweli. Huyu namjua tangu anatambaa. Mimi namdhamini."

Maneno yale yalimchoma Muattar kuliko matusi yote ya Javlon. Bibi wa watu ameacha biashara yake siku ya soko, amekuja kumtetea, na sasa anaweka jina lake juu ya uongo. Angenyamaza, pengine mambo yangekwisha hapo hapo na chati ingekwenda mjini. Alimtazama Mwalimu usoni, hakupepesa macho.

"La chumvi ni uongo," alisema. "Nimelitunga mimi. Mzee Yanis hakuniambia chochote, wala Bibi Zoya hakujua. Kwa hilo niadhibu unavyotaka, Mwalimu. Lakini la mkono ni la kweli, na halitoki kwenye chati."

Mwalimu Hurshida alivuta kiti, akakaa.

"Mimi nimekulia mtaa wa Wagiriki," alisema taratibu. "Mama alikuwa akinituma kwao kuomba chumvi. Chumvi yao ni *alati*, nimeitamka mara elfu. Nilipoona hilo, nikasema mtoto huyu ametunga yote. Unaona, Muattar? Umeweka uongo mmoja, ukaniharibia hata ukweli wako. Nami nilikosea, nilitupa neno la Bibi kabla sijamuuliza."

Alimkumbusha kwamba masharti ni lugha nne. Chati yenye tatu haiwezi kushindana.

"Basi isishindane," alisema Muattar. "Lakini itundikwe. Hata hivyo ilivyo."

Akachukua kifutio, akasugua neno chumvi mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Chati ikatundikwa kwenye korido, sahani tatu zimejaa na moja tupu, wapitao wote waione. Iliyokwenda mjini ilikuwa ya Javlon. Muattar aliiona ikikunjwa na kufungwa kamba, lakini hakulia.

Njiani Bibi Zoya alimuuliza ni kipi kilichomsukuma kutunga. Muattar akajibu kwamba aliona haya kuipeleka sahani tupu.

"Haya unaijua, vizuri," alisema Bibi Zoya. "Lakini nikikurudishia sahani ina mchanga, nimekuheshimu? Bora ungekuja ukasema, leo sina. Mimi nilikuwa naweka vipande viwili vya sukari kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo."

Walipofika sokoni akampa beseni moja amshikie, wakamalizia kuuza.

Jioni Muattar alimkuta mama yake mbele ya televisheni, akimalizia filamu ya Kituruki aliyoazima kanda yake kazini. Mama alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu hizo, akizitazama mpaka akawa hahitaji kutafsiriwa. Muattar aliketi karibu yake akamsimulia yote, la mkono, la chumvi na la sahani tupu. Mama alisikiliza huku akimenya mbegu za alizeti. Filamu ikafika tamati, na katikati ya kioo yakatokea maandishi makubwa meupe: SON.

Mama alikinyooshea kidole kile kioo. "Si hilo hapo? Kwa Kituruki ni mwisho. Kila filamu inaisha nalo."

Muattar aliduwaa mdomo wazi. Alikuwa amelala na kuamka karibu na neno lile siku zote alizokuwa akimsumbua kinyozi.

"Mbona hukuniuliza?" aliuliza mama.

"Sikudhani kama unajua."

Mama alicheka mpaka mbegu zikamwagika. Kisha akaacha kucheka, akamshika kidevu.

"Sikiliza, mwanangu. Umezunguka mtaa mzima kuuliza, ukachoka, ulipochoka ukatunga. Uongo ni kazi iliyokatishwa njiani. Ungevumilia ukagonga mlango mmoja zaidi, ungefika kwa mama yako. Siku nyingine ukikwama, sema umekwama, halafu endelea kuuliza."

Jumatatu Muattar alifika shuleni kabla ya kengele, akaenda moja kwa moja kwenye korido na kalamu yake. Karatasi pale aliposugua ilikuwa nyembamba mno, kwa hiyo aliandika polepole, akilegeza mkono isichanike: Kituruki, mwisho. Mashindano yalikuwa yameshakwisha na hakuna ambaye angempa alama yoyote.

Javlon alipita na mfuko wake begani, akasoma, akaguna.

"Haya, Paja, na hilo nani kakwambia?"

"Mama yangu," alisema Muattar, akifunga kalamu. "Yuko nyumbani kuanzia saa kumi. Twende ukamuulize."