Kidole Kilichozama Kwenye Chuma

“Mama Wamuyu, hata Mungu akikupa gari leo, utalipitisha wapi na matope haya?”

Jirani yao Jebet aliwahi kuuliza hivyo asubuhi moja ya mvua, akiwa ameegemea ua wake. Mbele yake, Wangeci na binti yake Wamuyu walikuwa wakisukuma mkokoteni wa punda uliokuwa umezama hadi ekseli. Jebet hakuuliza kwa ubaya. Alishuka kuwasaidia, akaacha ndara moja ndani ya tope, na wote watatu wakacheka mpaka punda akageuka kuwatazama.

Hivyo ndivyo siku zilivyoanza huko Dundori. Kabla ya kwenda shuleni, Wamuyu, aliyekuwa Gredi ya Sita, alimsaidia mama yake kukamua ng'ombe, kuchuja maziwa na kuyateremsha hadi kituo cha kupoza maziwa kando ya lami. Jua likiwaka, ilikuwa safari ya raha. Mvua ikinyesha, maziwa yalichelewa, yakachacha, yakarudishwa nyumbani yakapewa mbwa.

Swali la Jebet lilizunguka kijiji kizima. Wanawake wa kikundi cha maziwa wakakaa, wakazungumza, wakakubaliana. Gari la kawaida halingeweza barabara ile. Walihitaji pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na kwa vile mpya hawangeiweza, watafute iliyotumika. Wakaweka akiba msimu baada ya msimu.

Wamuyu naye alikuwa na sababu yake ya kulingoja gari. Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo katika kwaya ya shule, na tamasha la muziki lilikuwa likikaribia mjini Nakuru. Mwaka uliopita wanakwaya walifika kwenye lami wakiwa wamejaa matope hadi magotini, basi likiwa limeshaondoka. Walirudi nyumbani wakilia.

“Gari likija,” mama yake alimwahidi, “mzigo wa kwanza ni nyinyi, si maziwa.”

Basi habari njema ikatoka Lanet. Mzee Kihara, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa sana, alikuwa akiuza pikapu yake. Jumamosi wanawake wakavaa leso za aina moja, wakateremka Lanet wakiimba. Wamuyu alikwenda nao akiwa amevaa gauni lake la manjano.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani, ya kijani kibichi, inang'aa hata ukajiona uso. Mzee Kihara aliwapokea kwa chai na mandazi. Wangeci alizunguka gari mara moja, akainama kidogo kutazama chini. Wangare, mwenyekiti wa kikundi, akamvuta leso.

“Inuka! Unatuaibisha,” alimnong'oneza. “Gari la mtu wa kanisa unalichungulia uvunguni kama la mwizi?”

“Nilitaka tu kuona, Wangare.”

“Utaona nini? Huyu ni Mzee Kihara. Badala ya kuchungulia, tuombe.”

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Kitu cha mwenzao wa kanisa hakikuchunguzwa, kiliombewa. Wangeci akainuka. Wote wakaweka mikono juu ya gari, wakafumba macho, na Wangare akaanza kuomba. Maombi ya Wangare hayakuwa mafupi. Aliombea matairi, moja baada ya jingine. Akaombea taa. Alipofika kwenye honi, andazi lilimponyoka Wamuyu mkononi likabingirika hadi chini ya gari.

Wamuyu alifumbua jicho moja. Aliona kuku akilifuata andazi lake, naye akainama haraka, akajivuta uvunguni. Chini kule kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Kila kitu kilikuwa cheusi, cheusi ti, kama viatu siku ya kufungua shule. Alimwahi kuku. Kisha, ili ajivute nje, akashika chuma kirefu kilichopita katikati ya gari.

Kidole chake kikazama.

Kilizama kama kwenye keki. Wamuyu alikitoa polepole. Kikatoka na kipande cha gunia kilichopakwa rangi nyeusi, na kutoka ndani ya tundu vikamwagika vigamba vya kutu, vyekundu kama udongo, vikamwingia kwenye mkono wa gauni.

“Na breki zake, Baba, uzishike wewe mwenyewe,” Wangare aliomba huko juu.

“Amina!” wakajibu wote.

Wamuyu alirudisha kile kipande cha gunia ndani ya tundu, akatoka. Alipoinuka, wanawake walikuwa wakicheza. Mama yake alikuwa akicheka kwa namna ambayo Wamuyu hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

“Ulikuwa wapi wewe?” Wangeci aliuliza.

“Andazi langu lilianguka, mama.”

“Hilo tu?”

Wamuyu aliificha mikono yake nyuma. Akawaza basi la tamasha. Akawaza matope. “Hilo tu,” akasema.

Gari likajaribiwa, Wangare akicheza na kuruka humo ndani kwa furaha. Injini iliimba vizuri, na kila mtu akaridhika. Walikubaliana na Mzee Kihara kwamba Jumamosi iliyofuata wangeleta pesa na kulichukua.

Juma hilo lilikuwa refu kwa Wamuyu. Katika mazoezi ya kwaya, sauti yake ilikatika mara kwa mara.

“Niaje, Wamuyu?” aliuliza Kiprotich, mvulana aliyeimba sauti ya chini. “Umemeza chura? Na hilo gari lenu, mimi nakaa mbele, nimesema mapema!”

“Hakuna wa kukaa mbele,” alijibu Wamuyu.

“Basi nyuma kabisa, nining'inie!” Wenzake wakacheka. Kiprotich akawaonyesha jinsi atakavyoning'inia, akipunga mkono kama gavana.

Wamuyu alimtazama Kiprotich akiruka-ruka pale, akawa kama anakiona kile chuma kikikatika katikati ya mteremko, na kwaya nzima ikiwa juu yake. Jioni hiyo hakula.

Wangeci hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Alikuwa ameona sahani iliyorudi na ugali wake. Ijumaa, alipokuwa akifua, aliona kwenye gauni la manjano doa jeusi lililokataa sabuni, na kando yake vumbi jekundu. Hakupiga kelele. Alimwita Wamuyu, akamwonyesha.

“Rangi hii umeitoa wapi?”

“Chini ya gari.”

“Na hii nyekundu?”

Machozi yalimtoka Wamuyu kabla ya maneno. “Mama, kidole kiliingia. Kwa chuma. Kuna gunia limeziba tundu, halafu wakapaka rangi. Niliogopa nikisema hatutapata gari.”

Wangeci alikamua gauni, akalianika, akakaa karibu naye kwenye kijiwe cha kufulia. “Umebeba mzigo mzito peke yako juma zima,” alisema. “Sasa uuweke chini. Nenda ukamwite Wangare.”

Wangare alikuja upesi, na aliposikia, akashika kiuno. “Mtoto aliyefumbua macho wakati wa maombi, ndiye tutakayemsikiliza?”

“Ndiye huyo,” alisema Wangeci. “Mungu alituambia tuombe. Hakutuambia tununue gari tukiwa tumefumba macho.”

Wangare alishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza, “Tundu ni kubwa?”

Jumamosi wakarudi Lanet, safari hii bila nyimbo. Mzee Kihara alishangaa kumwona Wangeci amebeba gunia tupu na tochi.

“Mzee wetu,” alisema Wangeci kwa heshima, “kabla ya mambo ya pesa, tunaomba kutazama chini.”

“Kwani hamniamini?” Mzee Kihara alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikukaa vizuri.

“Wewe tunakuamini, mzee. Chuma ndicho hatukijui.”

Alitandika gunia, akalala chali na leso yake safi, akajisukuma uvunguni. Wamuyu alimfuata na tochi. Wangeci aliokota jiwe dogo akaanza kugonga ile chesisi, chuma ambacho ndicho uti wa mgongo wa gari. Ngo, ngo, ngo, ililia. Halafu: pu. Akagonga tena. Pu. Rangi ikapasuka, gunia likachomoza, na kutu ikawamwagikia wote wawili usoni. Wakainua mazulia ndani ya gari. Chini yake sakafu ilikuwa nyembamba kama karatasi, na pembeni kulikuwa na unga mweupe ulioganda.

“Magadi,” alisema Jebet, ambaye naye alikuwa amekuja. “Gari hili limelala ndani ya maji ya ziwa la Nakuru, lile la magadi.”

Mzee Kihara alivua kofia. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akasema bila kumtazama mtu, “Nililinunua kwa ndugu yetu aliyekuwa akiishi karibu na ziwa. Ziwa lilipofurika, lilimkuta hapo na gari lake. Mimi sikutazama chini. Niliona aibu, kwa sababu tulikuwa tukiimba naye kwaya moja. Nilipogundua, nikaona aibu zaidi. Nikapaka rangi.”

“Na mimi nilivyocheza humo ndani!” Wangare alipaza sauti. “Nilivyoruka! Mungu wangu, na huu mwili wote!”

Jebet ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Wangeci, na kutu usoni. Mwishowe hata Mzee Kihara akacheka, huku akifuta macho.

“Mnisamehe, kina mama,” alisema. “Hili litauzwa kama vipuri, na injini yake. Barabarani halirudi. Kuna mtu wa Salgaa alikuwa akilitaka pia. Leo hii nampigia simu kumwambia.” Wangare akamwambia ni nani aliyeligundua tundu kwanza, naye mzee akamgeukia Wamuyu. “Na wewe, binti, asante. Ningewaua watu.”

Kuanzia siku hiyo hawakukaribia gari bila gunia, tochi na jiwe. Walitazama chini ya milango, chini ya mazulia, ndani ya matao ya magurudumu. Palipokuwa na rangi mpya mahali ambapo hakuna mtu hupaka rangi, waligonga zaidi. Wamuyu aliingia uvunguni kwanza kila mara, na huko shuleni Kiprotich akampa jina la Fundi wa Chini.

Gari lao lilipatikana karibu sana, hapo hapo juu Dundori, kwa mkulima aitwaye Chepkemei. Lilikuwa halijabeba kitu ila viazi maisha yake yote. Mlango mmoja ulikuwa mweupe, mwingine wa buluu. Boneti ya kijivu ilikuwa na madoa ya kutu kama uso wenye madoadoa, na kiti kilikuwa kimeshonwa kwa kamba.

“Hili?” Wangare aliguna. “Hili ni gari ama ni jiko la makaa?”

“Kutu ya boneti mnaiona, na mimi ninaiona,” Chepkemei alisema. “Iko juu juu tu. Klachi nayo inateleza kidogo, itawahitaji fundi. Sasa ingieni chini mtazame wenyewe. Mimi nawawekea chai.”

Wamuyu aliingia. Akabandua tope kavu, akagonga toka mbele hadi nyuma. Ngo, ngo, ngo. Akarudia pembeni. Ngo, ngo, ngo.

“Inalia vizuri, mama!” alipaza sauti kutoka uvunguni. “Yote!”

Bei ilikuwa nafuu kuliko ya lile la kijani, na pesa za fundi wa klachi zikabaki. Wangare aliomba tena, maombi marefu vilevile, lakini sasa aliomba baada ya kutazama.

Siku ya tamasha mvua ilinyesha tangu alfajiri. Pikapu ya rangi tatu iliteremka ikiguna, magurudumu yote manne yakitafuna tope, na kwaya nzima imeketi nyuma kwenye mabenchi chini ya turubai ikiimba. Kiprotich hakuruhusiwa kuning'inia. Walifika kwenye lami soksi zikiwa nyeupe, basi likiwa bado linangoja. Mjini Wamuyu aliimba kwa sauti iliyofunguka, na kwaya ikapata nafasi ya pili. Kwa jinsi walivyoshangilia, ungedhani ni ya kwanza.

Jioni wote walijaa nyumbani kwa Wangeci, wakinywa chai na kula viazi vya kuchemsha. Watoto walipotulia, Wangeci aliweka kikombe chini.

“Wanangu, nataka mkumbuke jambo moja,” alisema. “Mzee Kihara si mtu mbaya. Aliona aibu kutazama, halafu akaona aibu kusema, na aibu hizo mbili zingewatupa nyinyi bondeni. Wamuyu naye alikaribia kufanya vivyo hivyo. Kumpenda mwenzako hakukuzuii kutazama. Na ukishaona, sema, hata kama ukweli utakunyima kitu unachokitaka sana. Tena kutazama hakuishi siku ya kununua. Tope la leo likilala chini ya gari, mwaka ujao ndiyo kutu. Lazima lioshwe kabla halijakauka.”

Watoto walitazamana. Nje kulikuwa na baridi ya Dundori, ile inayouma masikio. Kiprotich alijifanya amelala. Wamuyu alianza kutafuta viatu vyake.

Lakini Wangare alikuwa ameshasimama. Alikuwa bado amevaa gauni lake la sherehe, lile la kola nyeupe. Alifunga leso kiunoni, akachukua ndoo ya maji moto mekoni na brashi ya kusugulia sakafu, akakunja gunia chini ya kwapa, akatoka kuelekea kwenye pikapu.