Harufu ya Mwenye Koti

Niliambiwa nisilitaje lile jina. Lakini mimi nikikasirika, mdomo hutangulia.

Ilikuwa 2004, hapa Kitengela. Jioni hiyo nilitoka kununua mafuta ya taa tu. Nikapita kwa Macharia, muuza mitumba, nikaona koti la kumtosha bwana yangu, Obonyo, nikalinunua. Kwa mfuko wa ndani kulikuwa na chupa ya marashi ya kiume, imebaki nusu. Ilibandikwa plasta, na juu ya plasta mtu ameandika kwa kalamu: MEITAMEI.

Nyumbani niliifungua nikanusa. Ai! Mtarakwa uliopasuliwa sasa hivi. Karafuu. Pilipili manga kidogo na, kwa mbali, moshi. Harufu ya mwanaume anayejua anakokwenda. Obonyo wangu alinuka grisi ya cherehani za kiwandani, na kila siku tuligombana juu ya hiyo grisi. Nikamwambia, leo utanukia kama watu.

Nilimpulizia mwenyewe, shingoni, mara mbili. Akakohoa, akacheka, akaingia chumbani kujinyoosha kabla ya chakula.

Hodi.

Alikuwa Naisenya, mama aliyetuletea maziwa kila jioni, kwa kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mti kama wafanyavyo Wamaasai. Hakuvuka mlango. Alinusa… akanusa tena.

"Apondi," alinong'ona, "nani ako ndani?"

"Obonyo. Nani mwingine?"

"Hiyo harufu ni ya bwana yangu."

Damu ilinichemka. "Ati bwana yako? Si ulisema alikufa?"

"Alikufa. Tulimzika Ilbisil na koti yake. Chupa ilikuwa kwa mfuko."

"Kwani huyo Mei—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usitaje! Kwetu aliyekufa haitwi jina. Ukiita, umemkaribisha."

Jamani! Kwetu Alego marehemu tunamtaja, hata watoto tunawapa jina lake. Nilikuwa nimesimama siku nzima, stovu haijawashwa, na huyu mama ananiletea habari za bwana mlangoni kwangu. Niliusukuma mkono wake, nikapiga kelele kuelekea chumbani.

"Haya, Meitamei! Kama uko hapa, toka basi!"

Kitanda kikalia… kwii…

"Niko hapa."

Koo lilikuwa la Obonyo. Sauti haikuwa yake. Akatoka amevaa lile koti, akamtazama Naisenya, akaongea Kimaasai, maneno mengi, bila kukwama. Obonyo, ambaye hata salamu yao ya "sopa" ilimshinda!

"Anasema nini?" nilimuuliza Naisenya.

Kibuyu kilikuwa kimeinama mkononi mwake, maziwa yanamwagikia miguu yake.

"Anauliza mbona nimechelewa na maziwa."

Aliweka kibuyu chini, akakimbia. Hajawahi kurudi.

Asubuhi nilimpelekea Macharia lile koti. Akaapa kwa mama yake kwamba hajawahi kuliona. Chupa nikaitupa chooni. Obonyo nimemsugua kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, kwa mchanga wa mto. Pasta ameomba mpaka sauti ikakauka. Wapi! Kazini anaenda, mshahara analeta, na majirani wananiambia, bwana yako ni mzima, unataka nini tena? Aki nataka kupiga mtu! Akitoka kiwandani jioni ananukia mtarakwa na karafuu, na mimi, Nyasaye, Mungu wangu, naililia ile grisi.

Chakula kikiiva, naita, "Obonyo!" Hageuki. Naita mara ya pili, ya tatu. Ugali unapoa. Nikishindwa kabisa, nafunga mlango, nanong'ona lile jina lingine.

Anakuja mbio, anatabasamu, ananiita Naisenya.