Jino la Chuma la Bilyana

Mimi naitwa Stoyna. Nafuga nyuki. Nina mizinga arobaini nyuma ya nyumba yangu, pale msitu wa mialoni unapoanzia. Asali yangu ni nyeusi na nzito. Anayesema kuna asali nzuri kuliko yangu, aje tubishane, mlango uko wazi.

Ninaishi na mwanangu, mke wake Elitsa, na mjukuu wangu Bilyana. Mwanangu anaendesha lori la mizigo. Elitsa anashona nguo kiwandani, mjini. Kwa hiyo mtoto alikuwa wangu kutwa nzima. Ukimwona Bilyana, na mimi nipo karibu.

Wakati huo Bilyana alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Kila asubuhi nilimchemshia chai ya maua. Niliitia asali, nikaimimina kwenye chupa yake ya kunyonyea. Alizunguka nayo uani, funda moja hapa, funda moja pale. Akilia, nilichovya chuchu yake ya mpira kwenye asali. Chuchu ikianguka chini, niliilamba mwenyewe ili kuisafisha, kisha nikamrudishia. Alilala na chupa mdomoni. Mtoto mtulivu huyo! Majirani walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Meno yake sikuyafikiria hata kidogo. Kwetu jino la utoto si la kuhangaikia. Likitoka, mtoto analirusha juu ya paa. Anamwambia kunguru achukue jino la mfupa, amletee la chuma. Nilirusha mimi, na mama yangu alirusha. Sasa jino lenyewe ni la kunguru, ulipigie mswaki wa nini?

Jumapili moja ya mwezi wa sita, Elitsa alikuwa akicheza na mtoto. Alimshika kiunoni, akamning'iniza kichwa chini. Bilyana akacheka mdomo wazi. Ghafla Elitsa akaacha kucheka.

"Mama! Hebu njoo uone."

"Nini tena?"

"Hapa juu, karibu na ufizi. Kuna kitu cha kahawia kwenye jino."

"Chai hiyo. Mfute."

Elitsa akafuta kwa kitambaa. Haikutoka. Akafuta tena. Wapi!

"Ndiyo maana jana alikataa maziwa ya mgando," Elitsa akasema. "Aliweka kijiko mdomoni akaanza kulia. Yalikuwa ya baridi."

"Alikuwa ameshiba."

"Mama, mtoto huyu hajawahi kushiba tangu azaliwe."

"Basi yaache. Ni meno ya utoto. Yatang'oka, kunguru atachukua."

"Kunguru, kunguru! Keshokutwa naomba ruhusa kazini. Tunampeleka kwa daktari wa meno."

"Mtoto wa mwaka mmoja kwa daktari wa meno? Watu watatucheka."

"Wacheke. Wao wana meno ya kuchekea."

Huyo ndiye mkwe wangu. Ukimtupia neno moja, anakurudishia matatu.

Daktari wa meno aliitwa Ralitsa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye viatu vya njano. Alimwambia Elitsa akae kitini. Yeye akakaa mbele yake, magoti yakigusana. Wakamlaza Bilyana katikati, miguu kwa mama yake, kichwa kwenye mapaja ya daktari. Kisha daktari akainua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole kimoja. Ni hivyo tu, kidole kimoja.

"Bibi, sogea uone," akaniita. "Unaona nini?"

"Naona meno manne ya mbele. Karibu na ufizi kuna mstari mweupe. Weupe si mzuri?"

"Si weupe huu. Jino lenye afya linang'aa. Hapa pamepauka, pamekuwa kama chokaa. Jino limeanza kupoteza madini yake. Hii ndiyo dalili ya kwanza ya kuoza. Haiumi, kwa hiyo mtoto halii, na watu hawaangalii. Ikiachwa, inageuka kahawia. Halafu jino linatoboka. Hili moja limeshatoboka."

Nikainama, nikatazama tena.

"Anakunywa nini?" daktari akauliza.

Elitsa akaniangalia. Nami nikaangalia dirisha.

"Chai ya maua," nikasema.

"Tupu?"

"Na asali kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vijiko viwili." Elitsa akakohoa. "Haya, vikubwa," nikaongeza. "Lakini ni asali yangu mwenyewe! Haijatiwa hata punje ya sukari!"

"Asali yako naijua, bibi. Iko mezani kwangu," daktari akasema. "Lakini asali nayo ni sukari. Vijidudu vya mdomoni havijui kama sukari imetoka dukani au kwa nyuki. Vinaila, vinatoa asidi, na asidi inamomonyoa jino. Mate huja kusafisha. Lakini mtoto akinyonya chupa kutwa, mate hayapati nafasi. Na akilala, mate hupungua. Chupa ya usingizini ndiyo mbaya kuliko zote, hata ikiwa na maziwa. Asali ulianza kumpa lini?"

"Alipotimiza mwaka."

"Afadhali. Kabla ya mwaka mmoja mtoto haonjeshwi asali hata kidogo. Inaweza kumletea ugonjwa wa hatari, mbali na mambo ya meno."

"Na chuchu ya mtoto ikianguka, Mama huilamba," Elitsa akasema. Msaliti huyo!

"Usiilambe, bibi. Mate yako yanampelekea vijidudu vyako. Ioshe kwa maji safi."

Sasa nikakasirika. Miaka arobaini nafuga nyuki, leo nafundishwa kuosha mpira.

"Mwanangu," nikamwambia daktari, "meno haya si yataanguka? Kunguru atachukua haya, ataleta ya chuma. Kelele zote hizi za nini?"

Daktari hakucheka. Alifungua droo, akatoa picha ya eksirei. Akaiweka kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita.

"Hiki ni kinywa cha mtoto wa miaka mitano," akasema. "Tazama bila haraka."

Niliona safu ya meno madogo. Nikasogea karibu zaidi. Jamani! Ndani ya mfupa, nyuma ya meno yale madogo, kulikuwa na meno mengine. Makubwa, mapana, yamejipanga kimya. Kila jino dogo lilikuwa na mwenzake aliyelala nyuma yake.

"Huyu mtoto ana kasoro gani?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Hana kasoro. Watoto wote wako hivyo. Hata Bilyana. Meno yake ya ukubwani ya mbele yanajijenga humo ndani sasa hivi, tunavyoongea."

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa akichezea kifungo cha koti la mama yake, mate yanamtoka. Mimi kila siku naona masega yaliyofunikwa. Juu huoni kitu, ni vifuniko vya nta tu. Kumbe ndani, kila chumba kina nyuki mchanga anayekua gizani. Na huyu mtoto niliyemwogesha na kumbeba mgongoni, alikuwa na jambo kama hilo chini ya midomo yake, nami sikujua.

"Kunguru hana kitu, bibi," daktari akasema. "Jino la chuma liko humu humu. Lile la mfupa linalishikia nafasi. Likioza mpaka mzizini, usaha unaweza kuliharibu hili lililolala. Na mtoto anaumwa. Hali vizuri, halali vizuri."

Elitsa hakukosa la kuongeza, bila shaka.

"Mama, kila wiki unafunua mizinga arobaini kuangalia kama nyuki wana ugonjwa. Mdomo mmoja wa mjukuu wako umekushinda?"

Maneno hayo yalinichoma kuliko nyuki yeyote.

"Atang'olewa?" nikamuuliza daktari.

"Jino lililotoboka nitalipaka dawa yenye madini ya fedha. Itazuia kuoza kusiendelee, ila itaacha doa jeusi. Haya matatu yenye chokaa yanaweza kupona."

"Jino linapona?"

"Linapona, likiwahiwa. Mate yana madini. Mkiacha utamu wa kutwa, na mkimpiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, madini yanarudi kwenye jino. Jino lenye tundu halijizibi. Lakini hapa bado. Nitayapaka floridi leo, mrudi baada ya miezi mitatu. Chokaa ikigeuka matundu, itabidi aende hospitali kubwa, alazwe kwa dawa ya usingizi, na meno yote manne yatolewe."

Njia nzima ya kurudi nilimshika Bilyana kwa nguvu mpaka akalalamika.

Kesho yake niliifunga chupa kwenye mfuko, nikampa jirani awekee mbegu. Bilyana akapewa kikombe. Ndani yake maji, au maziwa wakati wa chakula. Loo, alilia siku tatu! Alikitupa kikombe kwa paka. Mimi pia nililia, nikiwa nimejificha nyuma ya mizinga.

Mswaki ulikuwa mdogo, wenye nywele laini. Dawa ya meno tuliweka kiasi cha punje moja ya mchele. Elitsa alimpigisha mswaki asubuhi kabla ya kazi. Jioni ilikuwa zamu yangu. Nilimlaza kichwa mapajani, kama daktari alivyofanya. Alibana midomo.

"Funua mzinga," nikamwambia. "Bibi anamtafuta malkia. Zzzz! Yuko huku nyuma? Zzzz!"

Akafunua. Kuanzia siku hiyo, jioni akija kwangu alikuja mwenyewe, mdomo wazi, akisema "zzzz". Baada ya mswaki wa jioni, hakupata kitu tena ila maji. Asali yenyewe hatukuacha kuila nyumbani, tungewezaje? Lakini alipata kidogo tu, juu ya mkate, wakati wa chakula cha mchana, si kutwa. Na kila Jumapili nilimsimamisha dirishani, nikainua mdomo wake kwa kidole kimoja. Nikatazama. Sikuweza kujua kama chokaa inapungua au ni macho yangu yanatamani.

Siku moja alishikwa na homa. Alilia asubuhi yote. Nilimbeba, nikamwimbia, hakunyamaza. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mtungi wa asali. Chuchu ilikuwa tayari mkononi. Nikaona tena yale meno yaliyolala kwenye ile picha. Nikafunga mtungi. Tulizunguka naye uani mpaka akasinzia begani kwangu, na mgongo wangu uliuma wiki nzima.

Mwezi wa tisa tulirudi kwa daktari. Magoti yakagusana tena. Bilyana akafunua mdomo kabla hajaambiwa, akasema "zzzz". Daktari akayakausha meno kwa pamba. Akatazama. Akatazama tena, jino kwa jino. Elitsa alinishika mkono, na sisi hatuna mazoea ya kushikana mikono.

"Bibi, sogea," daktari akasema.

Nikasogea. Jino lenye tundu lilikuwa na doa jeusi, gumu, halijaongezeka. Kando yake, pale palipokuwa na chokaa, meno matatu yalikuwa yanang'aa. Yanang'aa! Nikapitisha ukucha juu yake taratibu. Palikuwa laini kama kioo.

"Nani amefanya hivi?" nikauliza.

"Ninyi. Na mate yake mwenyewe," daktari akasema. "Hakuna jino litakalong'olewa."

Nilikaa chini nikalia mbele za watu. Mate, jamani! Kitu nilichokuwa nikikifuta kwa aproni.

Lile doa jeusi lilikaa miaka mitano. Bilyana alilionyesha kila alipocheka. Sokoni wanawake waliuliza mtoto ana nini. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikawa nawaambia wazi: "Hiyo ni kazi yangu, mimi na chupa ya asali. Wewe mjukuu wako umemfunua mdomo lini? Mwite hapa." Nami nainua mdomo wa mtoto kwa kidole kimoja, katikati ya soko, mitungi yangu ikinisubiri. Wawili niliwakuta na mstari wa chokaa. Wote wawili waliwahi kwa daktari.

Mwaka huu Bilyana ametimiza miaka saba. Juzi alikuja mbio, jino lenye doa jeusi likiwa kiganjani. Tukatoka uani. Akarudi nyuma, akapima paa kwa jicho moja.

"Bibi, nimwambie nini kunguru?"

Nikainama, nikainua mdomo wake kwa kidole. Kwenye pengo, jino jipya lilikuwa limeshachungulia. Jeupe, pana, na ncha zake za msumeno.

"Mwambie achukue la mfupa."

"Na la chuma?"

"La chuma asihangaike," nikamwambia. "Tumeshalitunza sisi."